Helmeti Ndani ya Mfuko wa Mnyororo

Zamani pale Ashlock mtu akikabidhiwa mnyororo wa kupimia uwanjani aliushika mpaka magoti yakamgomea ndipo akamrithisha mwanawe, na siku hizi chuo kinakodi watu wa msimu mmoja kutoka kampuni ya mjini, wanakuja na fulana zenye nembo na kutazama simu zao huku mpira ukichezwa.

Emil Hruska aliupokea mnyororo kwa baba yake, mzee Jozef, mwaka ule kiwanda cha vioo kilipozima tanuri lake la pili. Mnyororo huo, wa mpira wa Kimarekani unaobebwa mikononi, ni wa yadi kumi, una fimbo mbili za rangi ya chungwa, moja kila ncha. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi hizo kumi, na ikipungukiwa na unene wa kidole inanyang'anywa mpira mbele ya watu elfu tisa. Kwa hiyo wanaopima lazima wawe watu wasiotiliwa shaka. Pale Ashlock walikuwa wanne. Emil alishika fimbo ya mbele na ndiye aliyekuwa mkuu wao. Carmine Bellotti, kinyozi, alishika ya nyuma. Wendell Tidd, aliyeendesha basi la shule maisha yake yote, alishika kibao cha kuonyesha ni jaribio la ngapi. Na Chester Voight, mchimba makaburi wa parokia, alibana klipu ya shaba kwenye mnyororo ili kipimo kisihame.

Walikuwa na miiko yao, na haikuandikwa popote. Hawavai rangi za timu. Hawashangilii. Na wanachokisikia mstarini hawaondoki nacho, kwa sababu mtu wa mnyororo husimama hatua mbili tu kutoka kwa kocha, akasikia matusi, sala na vilio ambavyo mke wa kocha mwenyewe hajapata kuvisikia. Miaka arobaini na mmoja Emil hakuwahi kupiga hata kofi moja uwanjani. Mwaka wa fainali, Ashlock iliposhinda kwa kipimo cha mwisho, ni fimbo yake iliyogusa ncha ya mpira na kuonyesha umevuka kwa upana wa ukucha. Watu waliruka uzio, wanaume wazima walibusiana. Yeye alikunja mnyororo, akautia katika mfuko wake wa turubai, akaenda kwenye gari. Mkewe, Lorraine, husema alilia humo garini. Emil husema lilikuwa vumbi.

Kocha aliyeshinda fainali ile ni Royce Amsler. Alikaa Ashlock miaka ishirini na saba, uwanja ukapewa jina lake naye yu hai. Alikuwa kocha wa aina ambayo haizaliwi tena: anajua jina la mwosha vyombo, anajua ni nani amefiwa. Mzee Jozef alipofariki, mwezi wa pili, theluji ikiwa magotini, mbebaji mmoja wa jeneza hakutokea. Kocha Amsler alivua glavu, akaingiza bega. Baada ya mazishi hakungoja kushukuriwa. Mtu akikufanyia hivyo Ashlock, umekuwa wake.

Sasa, palikuwa na jambo moja la uwanjani lililofanywa pale Ashlock na sijui kama lilifanywa kwingine. Mchezaji akigongwa kichwa na daktari akaona haifai aendelee, daktari humnyang'anya helmeti, maana bila helmeti mtu haruhusiwi kuingia. Lakini vijana ni wajanja, na wasaidizi wa kocha ni wajanja kuliko vijana. Helmeti ikiachwa benchi huota miguu. Kwa hiyo Daktari Fenwick, daktari wa timu, mtu mkimya mwenye mabega ya kuinama, alikuwa akiileta kwa Emil. Emil aliitia katika mfuko wa turubai wa mnyororo, uliowekwa chini ya uzio nyuma yao. Mfuko ule haukufunguliwa na mtu mwingine. Miaka kumi na tisa walifanya hivyo, na helmeti haikutoka humo mpaka mchezo umekwisha.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya mwezi wa kumi. Rudy Kovalcik, kijana mkimbiaji, namba ishirini na mbili, mtoto wa Darlene anayepika kwenye mkahawa wa chuo, aligongana kichwa na beki mmoja mzito kama friji. Aliinuka mwenyewe. Akaenda benchi ya timu nyingine, akaketi.

Daktari alimrudisha, akamtazama macho, akaja kwa Emil na helmeti mkononi.

"Huyu kwa leo basi," alisema. "Nimemuuliza mimi ni nani, ameniita mama."

"Kwani hufanani na mama yake, Daktari?" Carmine alisema.

"Leo sina utani, Carmine."

Emil akaitia mfukoni. Zilikuwa zimebaki dakika nne na Ashlock wako nyuma kwa pointi tatu. Pakawa na mapumziko mafupi, na Kocha Amsler akaja mpaka kwenye uzio. Hakukimbia. Alikuja kama mtu anayeomba kiberiti.

"Emil, nipe ya ishirini na mbili."

"Daktari amesema..."

"Nimeshaongea na daktari. Nipe, ndugu yangu, saa inakwenda."

Emil akainama, akafungua mfuko, akampa. Wenzake watatu walikuwa pale pale. Hakuna aliyekohoa.

Rudy alicheza majaribio matatu. Katika la tatu alianguka bila hata kugongwa sana, miguu ikawa inapiga majani kama ya mbuzi aliyechinjwa. Alilala hospitali wiki kumi na moja. Alipotoka alikuwa na uso ule ule mzuri na mwendo wa mtu anayetembea ndani ya mto, na akiulizwa atakula nini alikuwa anacheka.

Kocha alitoa taarifa yake mapema. Alisema daktari hakumwambia chochote, na kijana, kwa ushujaa wake, aliiba helmeti mfukoni wakati wa msongamano. Daktari Fenwick alisema yeye alikataza. Likawa neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine, na Ashlock haikuhitaji kufikiri sana. Daktari alikuwa na miaka kumi na tisa tu pale mjini, na alikuwa hanywi pombe. Watu wakaanza kumkumbuka vibaya.

Watu wa mnyororo hawakuulizwa, nao hawakusema. Huo ndio mwiko. Emil alijiambia hivyo kila asubuhi akinyoa ndevu.

Mwezi wa kwanza gazeti la mjini likachapisha kwamba "mtu aliyekuwa karibu na mstari" alimwona kocha akikabidhiwa helmeti mkononi. Halikutaja aliyeikabidhi. Katika wiki mbili kocha alisimamishwa, katika tano akajiuzulu, akiwa bado anasema ameonewa. Bodi ya chuo ikatangaza kikao cha wazi mwezi wa tano, cha kuamua mambo mawili: kama daktari alidanganya, ambapo angeshtakiwa na kupoteza leseni yake, au kama kocha alidanganya, ambapo jina lake lingeng'olewa uwanjani. Na watakaoitwa, barua ilisema, ni watu wanne wa mnyororo.

Kabla barua haijafika, alifika kocha mwenyewe nyumbani kwa Emil.

Hakuwahi kuingia nyumba ile. Emil aliliona hilo kabla ya yote. Miaka ishirini na saba walisalimiana uwanjani, kanisani na kwa kinyozi, lakini leo Kocha Amsler alikuwa anafuta viatu mlangoni, mara tatu, kisha akachagua kiti kinachotazama mlango na hakuvua koti. Lorraine alileta kahawa na mkate wake wa kukunja wenye kokwa za jozi.

"Gazetini kuna mtu," kocha alisema. "Si daktari. Ni mtu wa mstarini."

"Watu wangu hawasemi, Kocha."

"Ndivyo nilivyodhani hata mimi." Akachukua kipande kingine cha mkate. "Sipendi kumtaja mtu. Lakini Wendell ana mpwa wake mjini, sivyo?"

"Anauza matairi."

"Muuza matairi hukutana na watu wengi, Emil."

Akainua kifurushi cha karatasi ya kaki kilichokuwa miguuni, akakiweka mezani. Ndani mlikuwa na mpira, ngozi yake imezeeka vizuri. Ulikuwa na maandishi ya wino mweupe: mpira wa fainali, kwa Emil, mtu pekee niliyemwamini mstarini. Chini, saini.

"Mimi nakumbuka kijana alijichukulia mwenyewe," kocha alisema. "Wewe unakumbukaje?"

Emil aliutazama mpira. Aliliona jeneza la baba yake likielea juu ya theluji, na bega moja lisilo la ukoo.

"Nakumbuka palikuwa na msongamano," alisema.

"Basi. Hilo linatosha kabisa."

Alipoondoka, Lorraine alikusanya sahani kwa kelele kuliko ilivyohitajika.

"Miaka yote hajaonja hata maji ya nyumba hii," alisema. "Leo vipande vinne."

"Alikuwa na njaa."

"Njaa! Mtu anakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, wewe unageuza shavu la pili."

"Lorraine, huyu alimzika baba yangu."

"Alimbeba. Kuzika alizika Chester."

Emil aliurudisha mpira ndani ya karatasi yake. Alikwisha kuanza kumfikiria Wendell.

Mashaka ni kazi, na Emil alikuwa mstaafu. Alikuwa na muda wa kuifanya vizuri. Alianza kupita nyumbani kwa Wendell na gari akijidai anakwenda kununua misumari. Mara mbili aliona gari la buluu asilolijua limeegeshwa pale mchana. Kanisani alihesabu: Wendell, ambaye kwa kawaida husali akisinzia, Jumapili hiyo alikuwa macho mpaka mwisho. Kwa nini mtu awe macho? Alimpigia simu, ikawa inatumika. Alipiga tena baada ya nusu saa, bado inatumika. Wendell ni mjane, watoto wake wako mbali na hawampendi. Anaongea na nani nusu saa?

Wanne hao walikuwa na desturi ya kula pamoja kwa Emil, kabla ya kila mchezo wa nyumbani, na wakati wa baridi mara moja kwa mwezi: tambi zilizokaangwa na kabichi, na soseji za moshi. Mwezi wa tatu walikuja kama kawaida, lakini waliketi kama watu wanaongoja matokeo ya vipimo.

"Chester," Carmine alisema, "mbona umekaa mlangoni? Unamngoja mwandishi wako?"

"Nimekaa mlangoni kwa sababu ya hizi soseji. Choo kiko huku."

"Soseji zina nini?" Lorraine aliuliza kutoka jikoni.

"Hazina kitu, mama. Tumbo langu ndilo lenye makosa."

Zamani wangecheka. Wendell alikuwa akichezea kitu sikioni. Emil alimwona.

"Wendell, sikio limefanya nini?"

"Ehe?"

"Nasema sikio."

"Aa. Nimewekewa mashine. Kijana mmoja anakuja na gari la buluu kuirekebisha, kila akija anaiharibu zaidi."

Emil alikata soseji yake vipande vidogo. Jibu lile lilikuwa zuri mno. Mtu mwenye jibu zuri hivyo ameliandaa.

"Na huyu mpwa wako wa matairi, hajambo?" akauliza.

Wendell aliweka uma chini. "Kwa nini unamuuliza mpwa wangu? Miaka yote hujamuuliza. Mimi mbona sikuulizi Lorraine huwa anaongea na nani akienda kusuka nywele?"

"Lorraine wangu ameingiaje hapa?"

"Na mpwa wangu ameingiaje?"

"Jamani, jamani," Carmine alisema, lakini alikuwa anamtazama Chester, na Chester alikuwa anamtazama yeye. Waliondoka kabla ya kahawa. Haikuwahi kutokea.

Siku nne baadaye Emil alivaa koti lake zuri akaenda kwa Wendell, mchana kweupe, ammalize. Alikuwa amepanga maneno. Wendell alimfungulia mlango bila kumkaribisha, akageuka kwenda kuzima redio, na Emil akaingia sebuleni. Juu ya televisheni, kati ya picha ya marehemu mke wa Wendell na saa ya mezani iliyokufa, palikuwa na mpira. Wino mweupe. Mpira wa fainali, kwa Wendell, mtu pekee niliyemwamini mstarini.

Aliuchukua akasoma mara mbili, kwa sauti mara ya pili.

"Rudisha hapo," Wendell alisema nyuma yake. "Huo si wa kuonyesha watu."

"Wendell. Fainali ile ilichezwa kwa mpira gani mwishoni?"

"Si huo!"

"Niliugusa kwa fimbo yangu. Fimbo ilikuwa imepakwa rangi asubuhi ile ile, Chester alipaka, na haikuwa imekauka. Ikaacha alama ya chungwa kwenye ncha, refa akanitukana. Hebu nionyeshe alama."

Wendell alivaa miwani. Aliuzungusha mpira, akauzungusha tena, kama mtu anayetafuta mdudu kwenye tunda.

"Labda ilifutika."

"Na kwangu imefutika pia? Mimi nina mpira wa fainali nyumbani. Na mimi ndiye mtu pekee."

Wendell aliketi polepole. Ile mashine ya sikioni ikaanza kulia, akaing'oa akaitupa kwenye kochi.

"Aliniambia ni wewe," alisema. "Alikaa hapo hapo kwenye kochi. Alisema Lorraine hampendi, na mwanamke ndiye anayeendesha ulimi wa mwanamume. Nikasema Emil? Akasema sipendi kumtaja mtu."

"Kwangu alisema muuza matairi hukutana na watu wengi."

"Yule mpumbavu hakutani hata na wateja."

Walimpigia Carmine. Kwanza Carmine alisema hajui wanaongea habari gani, kisha akauliza, "Wenu una wino wa rangi gani?" Chester hakuhitaji hata kuulizwa. Alisema wake ameufukia. Mchimba makaburi anajua kufukia. Kwa Carmine ametajwa Chester, kwa Chester ametajwa Carmine, na kila mmoja kwa wiki sita alikuwa akimchunguza mwenzake kama polisi wa siri, na wote wanne, walipojibu barua ya bodi, walikuwa wameandika kwamba palikuwa na msongamano.

Ungedhani wangekumbatiana. Hawakukumbatiana. Kwa maana bado kulikuwa na mtu aliyeongea na gazeti, na hakuna aliyesema ni yeye.

Emil aliporudi nyumbani alikaa kwenye gari mpaka Lorraine akatoka kumwangalia. Alikuwa anafikiri jambo rahisi, na ndiyo maana lilikuwa gumu. Akisema kuwa helmeti alitoa yeye kwa mkono wake, daktari amepona na kocha amekwisha. Lakini amekwisha yeye pia, maana mfuko ulikuwa wake. Asiposema, daktari anakwenda na maji na yeye anabaki na mpira. Mpaka siku ile alidhani analinda mtu aliyemheshimu. Sasa aliona kwamba mtu yule alikuja kwake kama fundi anavyokuja kwenye bomba, akijua vizuri ni wapi pa kukaza. Na kama alijua pa kukaza leo, je, ile siku ya theluji? Hilo lilimuuma kuliko yote. Alijaribu kulikumbuka lile bega chini ya jeneza kama alivyolikumbuka miaka yote, lakini halikuja peke yake tena. Lilikuja na swali.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa muziki wa chuo. Watu walijaa mpaka madirishani, wengi wamevaa kofia zenye jina la kocha. Siku hizi hata kufedheheka kuna kofia zake. Darlene Kovalcik aliketi mstari wa mbele na Rudy, ambaye alikuwa ameshika programu ya tamasha la zamani aliyoiokota na kuisoma kwa makini. Kocha aliketi upande wa pili, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti. Carmine na Chester hawakuja. Carmine alituma cheti cha daktari wa mgongo.

Mwenyekiti wa bodi, mama mmoja mwenye nywele fupi, alimwita Emil. Wakili wa kocha ndiye aliyetangulia kuuliza.

"Bwana Hruska, wewe ni daktari?"

"Mimi ni mkata vioo."

"Kwa hiyo kama mtu alichukua kitu mfukoni wakati wa msongamano..."

"Hapakuwa na msongamano."

Ukumbi ukasogea kwenye viti.

"Uliandika kwamba palikuwa na msongamano."

"Niliandika. Nilidanganya. Kocha alikuja akaniambia nimpe helmeti ya ishirini na mbili. Nilimwambia daktari amesema. Akasema nipe. Nikampa."

"Kwa mkono wako?"

"Huu hapa."

Mtu alizomea kutoka nyuma, akaitwa jina na mkewe akanyamaza. Mwenyekiti akainama mbele.

"Bwana Hruska, wewe ulijua kazi ya mfuko ule. Kwa nini ulimpa?"

Emil aligeuza macho ukumbini. Alimwona Darlene amemkazia macho, bila chuki, kama mtu anayesoma bei.

"Kwa sababu aliniomba yeye," alisema. "Angekuwa mwingine nisingempa."

Wendell alisimama baadaye akathibitisha, kwa sauti kubwa mno kwa sababu ya sikio. Kocha hakuulizwa swali lingine. Alipopita karibu na Emil kutoka nje alimgusa bega, kidogo, kama vile Emil ndiye aliyefiwa.

Mwezi wa sita watu wawili walikuja na ngazi wakang'oa jina getini, herufi moja moja. Rangi ya ukuta nyuma ya herufi haikuwa imepigwa jua, kwa hiyo jina linasomeka mpaka leo, tena vizuri kuliko kwanza. Daktari Fenwick alibaki na leseni yake, akahamia Ohio, hakuaga mtu na hakuna aliyestahili kuagwa. Watu waliweka vibao madirishani vya kumtetea kocha. Duka la mikate lilianza kumhudumia Lorraine wa mwisho hata akifika wa kwanza. Carmine alimwambia Emil kiti kimejaa, siku ambayo mle dukani mwake mlikuwa na yeye na nzi tu. Tangu hapo Emil ananyolewa na binti mmoja kwenye maduka makubwa ya barabara kuu, anayemuuliza kila mara kama wamewahi kuonana. Wendell alikufa vuli ile. Chester alimchimbia, Emil akambeba, na wao wawili hawakusemezana.

Chuo kilituma barua ya shukrani, yenye saini ya mashine, ikieleza kwamba kazi ya mnyororo imepewa wataalamu.

Na yule aliyeongea na gazeti hakujulikana. Emil bado humtafuta. Humtafuta kwa Wendell aliyekufa, kwa Chester, kwa Carmine, na jioni moja mezani alimtafuta hata kwa mkewe.

"Lorraine, niambie kweli. Ni wewe?"

"Kula viazi vyako," Lorraine alisema, na Emil alikula, lakini aliona kwamba hakukana.

Kwaresima iliyofuata Lorraine alimlazimisha waende kwenye ukumbi wa zimamoto, Ijumaa ya samaki wa kukaanga, kwa kuwa alikuwa amechoka kula na mtu mmoja. Walipata kona karibu na mashine ya barafu. Foleni ya chakula ilizunguka ukumbi mzima. Darlene alikuwa kwenye foleni na Rudy, amemshika mkono wa shati kama unavyomshika mtu kwenye umati. Alimwona Emil. Aliinamisha kichwa mara moja, si salamu hasa wala si kitu kingine, kisha akatazama mbele.

Ndipo mlango ukafunguka na Kocha Amsler akaingia, amekonda kidogo, kofia mkononi. Mtu mmoja mezani kwa wazimamoto alisimama akaanza kupiga makofi, wa pili akasimama, kisha meza nzima, kisha ukumbi, viti vikikwaruza sakafu. Wengine walilia. Kocha alisimama pale pale mlangoni akitikisa kichwa kama mtu anayesema imetosha, bila kusema imetosha.

Emil hakuinuka. Lorraine hakuinuka. Emil alimtazama Darlene, naye hakupiga kofi. Alikuwa ametazama trei yake tupu. Lakini Rudy aligeuka kutafuta kelele zinatoka wapi, akaona watu wote wanafurahi, uso wake ukafunguka. Akavuta mkono wake kutoka kwa mama yake na kupiga makofi, kwa nguvu, mikono ikikosana, akicheka. Kocha alimwona. Akamwinulia kofia yake.

Darlene aliweka trei chini, akamchukua mwanawe kwa bega, wakatoka kwa mlango wa jikoni bila kula, Rudy akiwa bado anapiga. Baadaye mwezi ule walihamia kwa dada yake Darlene, na Emil hajawaona tena.